Mfanyakazi asipoonekana: Mwajiri aulize kwanza, ndipo amfute

JUMATATU ya kwanza baada ya mishahara kulipwa ni siku ya kuhesabu vichwa. Katika karakana za Kariobangi Light Industries, mwenye kazi hufika mapema, hufungua makufuli, kisha husimama mlangoni akitazama nani anakuja. Alitarajia mafundi sita; saa mbili unusu wapo wanne. Simu ya mmoja imezimwa. Ya mwingine inalia bila kupokelewa. Mteja wa Umoja aliahidiwa mageti yake jioni hiyo hiyo. Kufikia saa nne hasira zimempanda mwenye kazi, na neno linalomtoka ni lile ambalo wengi Eastlands wamewahi kulisikia: "Akija, mwambieni arudi huko alikokuwa."

Neno hilo moja, likitamkwa mbele ya mafundi wanne walioacha kuchomelea ili wasikilize, linaweza kumgharimu mwenye karakana mshahara wa fundi huyo wa mwaka mzima.

Si kwamba sheria humtetea mtoro. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2, 2008, kinaorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumfanya mfanyakazi apigwe kalamu papo hapo. La kwanza katika orodha hiyo, kabla ya ulevi, matusi na uhalifu dhidi ya mali ya mwajiri, ni kutokuwapo mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu nyingine iliyo halali.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kukosa ruhusa peke yake hakutoshi kuwa kosa. Aliyekosa ruhusa lakini ana sababu halali hajatenda kosa kubwa, hata kama alichelewa kuitoa sababu hiyo. Na mwajiri hawezi kujua kama sababu ipo au haipo mpaka aiulize. Hapo ndipo kinapoingia kifungu cha 41, kinachomtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, kosa analotuhumiwa nalo, kisha amsikilize kabla ya kuamua. Wapo waajiri wanaoamini kwamba kifungu hicho hakiwahusu pale kosa linapokuwa kubwa. Wanakosea. Sehemu yake ya pili inataja waziwazi kwamba hata anayefutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44 ni lazima asikilizwe kwanza.

SIKU NGAPI?

Swali ambalo huulizwa kila mara ni hili: mtu akikosa kazini siku ngapi ndipo ahesabiwe kuwa ameacha kazi? Kwenye matatu za kuelekea Kayole utasikia majibu ya kila aina. Yupo atakayekuambia ni saa 24, mwingine siku tatu, mwingine wiki moja, na kila mmoja anaapa kwamba ndivyo sheria isemavyo.

Sheria ya Ajira haitaji siku yoyote. Kampuni inaweza kuweka idadi yake katika kanuni zake za nidhamu, au chama cha wafanyakazi kikakubaliana na mwajiri kuihusu katika mkataba wa pamoja, na kanuni kama hiyo ina nguvu ikiwa mfanyakazi alifahamishwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa kueleza kanuni za nidhamu katika maelezo ya kazi anayompa mfanyakazi. Lakini hata kanuni ikisema siku tatu, siku ya nne haimfuti mtu yenyewe. Inampa mwajiri haki ya kuanza kuuliza maswali kwa maandishi, basi.

Mahakama hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huitwa kwa jina moja la utoro. La kwanza ni kutokuwapo bila ruhusa: mtu amekosa kuja, lakini hakuna linaloonyesha kwamba amekata uhusiano na kazi yake. La pili ni kuitoroka kazi, yaani kuondoka kwa nia ya kutorudi. Nia haionekani kwa macho. Huthibitishwa kwa vitendo: amechukua vifaa vyake vyote, ameonekana akifanya kazi kwingine, amepigiwa simu akasema harudi, au ameandikiwa barua akanyamaza. Mwajiri anayedai kwamba mtu alitoroka ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha hayo, na majaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba wamerudia katika hukumu nyingi kwamba haitoshi kusema "alitoroka". Ni lazima kuonyesha juhudi zilizofanywa kumtafuta.

Neno lenyewe "kutoroka" lina historia ndefu hapa. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi iliyopitishwa mwaka 1906, Mwafrika aliyeacha kazi ya Mzungu kabla ya muda wake kwisha hakuwa amevunja mkataba tu. Alikuwa mhalifu wa kushtakiwa kortini. Kisha ukaja usajili wa kipande, uliopitishwa kuwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwajiri aliandika katika kipande siku mtu alipoanza kazi na siku alipoachiliwa. Aliyekutwa bila saini ya kuachiliwa alihesabiwa mtoro, na alama za vidole zilikuwepo ili polisi wampate kokote alikokimbilia. Kifaa hicho kilivaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma.

Mitaa ya kwanza ya Eastlands ilijengwa katika dunia hiyo. Nyumba za Muthurwa zilikuwa za wafanyakazi wa reli, na huko kuacha kazi kulimaanisha kuacha na chumba. Kaloleni na Shauri Moyo zilijengwa mahali ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu hadi reli na Eneo la Viwandani. Haishangazi kwamba Aprili 23, 1950, Makhan Singh aliposimama katika ukumbi wa Kaloleni na kudai uhuru wa nchi, waliomsikiliza walikuwa watu wa kazi. Baada yake na Fred Kubai kukamatwa katikati ya Mei mwaka huo, maelfu hawakwenda kazini jijini Nairobi. Huo ulikuwa mgomo, jambo ambalo hata leo lina sheria yake ya mahusiano ya leba na halipimwi kwa kipimo kile kile cha mtu mmoja aliyelala nyumbani Jumatatu. Siku hizi kukosa kazini si jinai tena. Limekuwa suala la mkataba kati ya watu wawili, na kila mmoja ana wajibu wake.

ALIPO

Miaka ya tisini, kabla simu za mkono hazijaenea, nilikuwa kijana katika chumba kimoja cha habari ambacho sitakitaja. Tulikuwa na msahihishaji wa prufu, mtu mzima aliyeishi Jericho, asiyekosa kazi hata mvua inyeshe vipi. Wiki moja hakuonekana. Siku ya tano mkubwa wetu alisema mzee amechoka na kazi. Siku ya tisa barua ya kumfuta ilikuwa imepigwa taipu tayari, ikingoja saini. Karani mmoja aliyekuwa akikaa Makadara akaomba aipeleke mwenyewe kwa mkono badala ya kuitia posta. Alipobisha mlango, jirani akamwambia kwamba mzee aligongwa na gari katika Jogoo Road usiku alipokuwa akirudi kutoka kazini, kwetu, na kwamba kwa siku nne za mwanzo alilala wodini bila jina kwa kuwa waliomwokota walimpora koti lililokuwa na kitambulisho. Barua ilirudi ofisini ikiwa haijafunguliwa. Mzee alirudi kazini baada ya miezi mitatu akichechemea.

Sijaisahau bahasha ile. Kila ninaposoma kwamba mwajiri ametakiwa na mahakama aonyeshe alimtafuta vipi mfanyakazi wake, huiona ikiwa juu ya meza ya mapokezi.

Sheria yenyewe inagusia jambo hili mahali ambapo wengi hawapatazami. Kifungu cha 34, kinachohusu matibabu, kinamtaka mwajiri achukue hatua zote zinazofaa ili afahamishwe mapema pale mfanyakazi wake anapougua. Kwa maneno mengine, kutojua si kinga ya moja kwa moja. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba hakujua, lakini sharti aonyeshe kwamba alifanya bidii ya kujua.

Sasa, kumtafuta mtu Eastlands ni kazi. Anwani iliyo kwenye faili aghalabu ni sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao, ambako barua husubiri muhula mzima. Pipeline na Kayole, nyumba hutambuliwa kwa rangi ya jengo au jina la duka lililo chini yake, na mpangaji huweza kuhama mara mbili kwa mwaka kodi inapopanda. Kwa hiyo msako huanza siku ya kuajiri, si siku ya utoro. Fomu ya kuajiri iwe na jina la mtaa na la ploti, nambari ya simu ya mfanyakazi, na nambari za watu wawili wa karibu, mmoja awe wa hapa jijini. Maelezo hayo yafanywe upya angalau mara moja kwa mwaka.

Mtu asipoonekana, mwajiri mwenye busara hufanya mambo haya, na huyaandika. Siku ya kwanza hupiga simu, na isipopokelewa hutuma ujumbe mfupi wa maneno, kwa kuwa ujumbe hubaki. Ujumbe usiwe wa matusi. "Hujafika kazini leo wala hatujapata habari zako, tafadhali tujulishe uko wapi" unatosha. Siku ya pili au ya tatu huwapigia jamaa walio kwenye fomu na kuwauliza wenzake wanaokaa mtaa mmoja naye. Katika karakana yoyote hakosekani anayejua. Kimya kikiendelea ndipo huandika barua ya kumtaka ajieleze, ikitaja tarehe alizokosa, ikimpa muda unaofaa wa kujibu, na kumwonya kwamba asipojibu uamuzi unaweza kutolewa bila yeye. Barua hiyo hupelekwa kwa njia zaidi ya moja: kwa anwani ya posta, kwa simu, kwa mkono wa mwenzake atakayetia saini kwamba alijaribu kuifikisha. Waajiri wengine humpa nakala afisa wa leba, na ni desturi nzuri, kwani huacha alama nje ya ofisi yao.

Jumbe za simu zina thamani kortini, lakini ziandamane na cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka. Wengi hupuuza hilo mpaka wakili wa upande wa pili anaposimama kupinga.

AKIJITOKEZA

Mfanyakazi akirejea, kosa la kawaida la mwajiri ni kumfungia lango. Kosa la pili, ambalo ni la huruma zaidi lakini bado ni kosa, ni kumrudisha kazini kimyakimya na kisha kulitoa jambo hilo miezi sita baadaye pale wanapogombana kwa sababu nyingine.

Njia iliyonyooka ni kikao. Mfanyakazi huambiwa mapema kikao kitakuwa lini na ni cha nini. Anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Si mahali pa mawakili wala si mahakama. Meza ya karakana yatosha, mradi yupo anayeandika yanayosemwa. Husomewa tarehe alizokosa, hujieleza, huulizwa maswali, na maelezo ya aliyekuja naye husikilizwa pia. Kisha mwajiri huenda akafikiri. Uamuzi unaotangazwa katika pumzi ile ile ya kumsikiliza mtu huonekana kuwa ulikuwa umeandikwa tangu jana.

Uamuzi si lazima uwe wa kumfuta. Onyo la maandishi hutosha kwa mara ya kwanza. Kifungu cha 19 kinaruhusu pia kukatwa mshahara wa siku moja kwa kila siku nzima ya kazi ambayo mfanyakazi hakuwapo bila ruhusa wala sababu halali. Fundi anayelipwa Sh26,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, akikosa siku tatu, atakatwa Sh3,000. Mwajiri anayemkata Sh6,000 "ili liwe funzo" ameivunja sheria yeye mwenyewe, kwa kuwa ametoza faini ambayo haipo.

Ikiwa amefutwa bila kufuata hatua hizi, mfanyakazi anaweza kulipwa pesa za notisi na fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Kwa anayepata Sh20,000, kiwango cha juu cha fidia ni Sh240,000. Korti haitoi kiwango cha juu kwa kila mtu. Huangalia muda aliofanya kazi na hata mchango wake katika yaliyompata. Aliyekosa kazini kweli, lakini akafutwa bila kusikilizwa, aghalabu hupata kidogo. Kidogo hicho, ukijumlisha na gharama za kesi, hutosha kuitikisa karakana ya watu sita. Kesi ya mtu ambaye mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi inaweza kusikilizwa na hakimu, utaratibu uliowekwa mwaka 2018, kwa hiyo mwajiri asitarajie kwamba udogo wa mshahara utamzuia mfanyakazi kufika Milimani.

SABABU

Ni zipi basi sababu halali? Ugonjwa ndio unaoongoza. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya angalau siku saba za kuugua kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila kipindi cha miezi 12. Haki hiyo ina masharti mawili. Alete cheti cha daktari aliyehitimu, na amjulishe mwajiri, au amtume mtu kumjulisha, mapema iwezekanavyo. Sharti la pili ndilo linalowaponza wengi. Mtu hulazwa katika hospitali ya Mama Lucy Kibaki siku nne, mkewe yupo kando ya kitanda na simu mkononi, na hakuna anayekumbuka kumpigia msimamizi. Kisha hurudi na cheti akidhani kwamba kitasema yote. Ni kweli kinaweza kumwokoa, lakini kimya kile hakikuwa haki.

Kuhusu vyeti vya kununuliwa, visivyokosa watu wa kuviuza jijini, inatosha kusema kwamba vinaligeuza kosa dogo kuwa kubwa. Aliyekosa siku moja kwa ulevi angepewa onyo. Aliyeleta cheti cha kughushi ametenda udanganyifu, na mwajiri anayepiga simu kwenye zahanati iliyotajwa hugundua kwa dakika tano.

Mazishi ni jambo jingine, na hapa sheria ina pengo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira inataja likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na majuma mawili kwa baba, ya kuugua, na tangu 2021 ya mwezi mmoja kwa anayepokea mtoto wa kulea. Likizo ya msiba haimo. Ipo katika mikataba mingi ya vyama na katika kanuni za kampuni nyingi, lakini fundi wa Kariobangi asiye na chama, anayepigiwa simu usiku kwamba baba yake amefariki Siaya au Kitui, anategemea siku zake za likizo ya mwaka na utu wa mwajiri. Huondoka na basi la alfajiri akidhani kwamba msiba ni ruhusa yenyewe. Kijijini huwa mwana wa kwanza, mwenye kuchimbiwa macho na ukoo mzima, na simu huisha chaji. Nijuavyo mimi, mwajiri aliyemfuta mtu kama huyo bila kumuuliza hushindwa kesi, na pia huwapoteza mafundi wengine waliokwenda mazishini.

Kisha zipo siku ambazo jiji lenyewe hukataa watu waende kazini. Novemba 12, 2018, serikali iliporejesha kwa nguvu kanuni za Michuki, matatu nyingi zilitoweka barabarani na wakazi wa Eastlands wakatembea. Wiki tatu baadaye, Desemba 3, matatu zilipigwa marufuku katikati ya jiji, watu wakashushwa mbali na kumaliza safari kwa miguu, kabla ya marufuku hiyo kusitishwa. Kuanzia Mei 6, 2020, wakati wa korona, wakazi wa Eastleigh walizuiwa kuingia na kutoka mtaani mwao. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia ndani ya nyumba za Mukuru na Mathare. Na Julai 7, 2025, polisi walipoziba barabara kuu za kuingia katikati ya jiji, hata waliotaka kwenda hawakupita. Ni vigumu kuona vipi mtu aliyezuiwa na kizuizi cha polisi atasemwa kwamba hakuwa na sababu halali. Ila sababu ya namna hii ina mipaka. Anayekaa Shauri Moyo na kufanya kazi Gikomba hawezi kulalamikia matatu.

Kukamatwa nako kuna kifungu chake. Mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kumfunga gerezani anaweza kufutwa ikiwa siku 14 zimepita bila kuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali. Kabla ya siku hizo kwisha, kuwa kizuizini si utoro. Kwa mitaa ambayo misako ya usiku huzoa walio na hatia na wasio nayo, jamaa za aliyekamatwa wafanye bidii ya kumjulisha mwajiri. Aibu ya kusema "yuko seli" imewaacha wengi bila kazi.

VIBARUA NA MAYAYA

Asubuhi katika Lunga Lunga Road, nje ya malango ya viwanda, husimama watu wanaongoja kuitwa kwa siku hiyo. Kibarua halisi kisheria ni yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye ajira yake haizidi saa 24 kwa mara moja. Huyu akikosa kuja kesho hajatoroka chochote, maana kesho hana mkataba. Lakini wapo wanaoitwa vibarua ambao wamepita lango lile lile miezi minane mfululizo. Kifungu cha 37 kinasema kwamba siku za kufanya kazi mfululizo zikifikisha jumla isiyopungua mwezi mmoja, ajira hiyo huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Msimamizi anayemwambia mtu kama huyo "wewe ni kibarua, umekosa jana, leo hakuna nafasi yako" hajamnyima kibarua. Amemfuta mfanyakazi bila kumsikiliza.

Mayaya wa Buruburu, Donholm na Komarock nao wamo ndani ya sheria hii, ingawa waajiri wao hushangaa wakiambiwa. Desemba yaya huenda kwao kwa wiki mbili. Januari harudi. Mama mwenye nyumba, aliyeahidiwa na mkubwa wake ofisini kwamba safari hii akichelewa ataandikiwa barua, hutafuta mwingine jioni hiyo hiyo, na ni nani atakayemlaumu? Hata hivyo ampigie simu, atume ujumbe akiuliza kama anarudi na lini, na aweke siku ya mwisho. Ikiwa amenyamaza, ujumbe huo ndio utakaosema kwa niaba ya mwajiri pale binti atakapotokea Machi akiwa na mtu wa chama.

Maana kesi nyingi za aina hii hufika mahali pamoja. Mwajiri husema, "Alitoroka." Mfanyakazi husema, "Nilifika langoni, bawabu akaniambia nimeachishwa." Hakuna karatasi upande wowote. Mfanyakazi ndiye anayetakiwa kwanza kuonyesha kwamba alifutwa, kisha mwajiri athibitishe sababu. Rejista ya mahudhurio yenye mapengo, ujumbe wa simu wa siku ya kwanza na barua iliyopelekwa kwa mkono ndivyo vinavyoamua. Naye mfanyakazi aliyefungiwa lango asirudi nyumbani kulalama tu. Aandike siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe mfupi, kwamba alifika na akazuiwa na nani. Anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu, na ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Baada ya hapo mlango wa korti hufungwa.

Na hata aliyetoroka kweli, akafutwa kwa haki, halali yake haifutwi pamoja naye. Hulipwa siku zote alizofanya kazi hadi tarehe ya kufutwa, pamoja na pesa za likizo ambayo hakuichukua. Aliyefanya kazi majuma manne au zaidi hupewa cheti cha kazi kinachotaja jina la mwajiri, kazi aliyofanya, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Mwajiri halazimiki kumsifu, lakini hawezi kukizuia cheti hicho kwa kuwa bado ana kinyongo cha mageti yaliyochelewa.